Sura ya Tatu: Jiko Kwanza, Sola Baadaye

Swali huja karibu kwa maneno yaleyale. Mtu amejenga, amehamia, amemalizana na fundi rangi, halafu siku moja ananivuta pembeni: "Nataka nyumba yangu isiharibu mazingira. Nifunge sola?" Nimeulizwa msibani, nimeulizwa ndani ya daladala, nimeulizwa kwa kinyozi nikiwa na wembe shingoni.

Jibu langu huwaudhi kidogo, maana nami huuliza: jana maharage yenu yalipikiwa nini?

Sichezi shere. Katika nyumba zetu za Dar es Salaam na miji ya pwani, ambazo ndizo ninazozijua vizuri, umeme wa taa na televisheni ni mdogo sana ukilinganisha na moto unaowaka jikoni. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka usiku kucha haijafanya uharibifu wa sufuria moja ya makande juu ya mkaa. Kwa hiyo sura hii itaanzia jikoni, itapanda darini, itashuka na maji ya mvua hadi kwenye tanki, na sola tutaikuta mwishoni, mahali pake.

Gunia moja lina miti mingapi?

Mkaa tunaupokea ukiwa mwepesi, umefungwa kwa majani juu ya gunia, na hatuoni ulikotoka. Ulikotoka ni kwenye tanuri: magogo yamepangwa, yakafunikwa kwa majani na udongo, yakachomwa polepole kwa siku kadhaa bila hewa ya kutosha. Katika tanuri la namna hiyo sehemu kubwa ya mti hupotea kama moshi na joto. Kilo moja ya mkaa huhitaji kilo 5 hadi 10 za kuni, kutegemea ufundi wa mchomaji na ukavu wa magogo.

Tufanye hesabu ya dukani. Chukua gunia la kilo 50, na useme kila kilo ilikula kilo 7 za mti. Hizo ni kilo 350 za miti kwa gunia moja. Familia inayomaliza gunia kwa mwezi itakuwa imepikia zaidi ya tani 4 za miti kwa mwaka, ilhali kilichoingia getini ni magunia 12 tu. Miti hiyo haikatwi mtaani kwako, ndiyo maana haikuumi. Hukatwa kwenye misitu ya miombo, ile misitu mikavu inayomwaga majani kiangazi, na kila mwaka malori huifuata mbali zaidi.

Halafu kuna hewa. Jiko la mkaa halitoi moshi mwingi, na ndipo linapotudanganya. Hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Watu wameingiza jiko chumbani usiku wa baridi, wakafunga mlango, na asubuhi hawakuamka. Jikoni penye dirisha wazi kwa kawaida hufi, lakini kichwa kinachokugonga kila ukimaliza kupika ugali si uchovu peke yake.

Serikali ya Tanzania nayo imeamua kuanzia jikoni. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuachana na kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na mwaka huohuo ukazinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nishati safi ya kupikia, kwa maneno ya kawaida, ni moto usiomjaza mpishi moshi wala hewa yenye sumu: gesi, umeme, gesi ya samadi na vingine vya jamii hiyo.

Gesi ya chai, mkaa wa maharage

Hapa ndipo mambo yanapokuwa na utamu, kwa sababu nyumba nyingi za mjini tayari zina mtungi wa gesi. Ukiwauliza watajibu kwa haki kabisa: "Sisi tunatumia gesi." Zunguka uani. Utalikuta jiko la mkaa limekaa palepale, majivu bado ya moto.

Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa, alinieleza siri hiyo bila kupepesa macho. Nilimkuta anapepea jiko, nikamuuliza mtungi umekwisha?

"Haujaisha, mwanangu. Gesi ni ya chai na mayai. Maharage yana wenyewe."

Ana hoja. Maharage yakikaa saa mbili juu ya gesi, mtungi mdogo wa kilo 6 hauumalizi mwezi. Mkaa unanunulika kwa kopo au kwa sado, kwa pesa ya leo. Gesi inataka uwe na pesa ya mtungi mzima kwa mkupuo. Ndiyo maana mkaa hautoki nyumbani hata gesi ikiingia: umejificha nyuma ya vyakula vichache vigumu. Maharage, makande, kwato, nyama ya ng'ombe mzee, kunde. Ukitaka mkaa utoke, usihangaike na chai. Pambana na maharage.

Kuna njia tatu, na nazipanga kwa gharama, ya bure kwanza.

1. *Loweka.* Maharage yaliyolala kwenye maji usiku kucha huiva mapema zaidi kuliko yaliyotoka mfukoni moja kwa moja. Mwaga maji ya kulowekea, weka mapya, na funika sufuria. Sufuria iliyo wazi inapasha joto paa la jirani.

2. *Jiko kapu.* Hiki ni kikapu kikubwa kilichotandikwa ndani kwa vitambaa, pamba au mabaki ya godoro. Chakula kikishachemka vizuri kwa dakika 20 au 30, kiondoe motoni na sufuria yake yenye mfuniko, kitumbukize kapuni, kifunike kwa mto. Joto halina pa kutokea, chakula kinaendelea kuiva chenyewe. Wali unafaa sana. Maharage yaliyolowekwa yanahitaji kurudishwa motoni yachemke tena kabla ya kula.

3. *Presha kuka ya umeme.* Ni sufuria ya presha yenye jiko lake ndani. Presha inafanya maji yawe ya moto kupita kiwango cha kawaida cha kuchemka, na ukuta wake unalizuia joto lisitoke.

Hii ya tatu inatisha watu kwa sababu ya neno "umeme". Tuitazame kwa uniti. Wati ni kipimo cha kasi ambayo kifaa kinakula umeme. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima bila kupumzika kimekula uniti moja ya LUKU. Presha kuka nyingi za nyumbani zina wati 1,000 hivi, ila haziwaki muda wote. Presha ikishapanda zinajizima, zinajiwasha kidogo, zinajizima tena. Nusu kilo ya maharage huiva kwa chini ya uniti moja. Usiniamini: soma mita kabla ya kuweka maharage, isome tena yakiiva, kisha linganisha na ulichotoa kwa mkaa wa sufuria hiyohiyo.

Bi Mkubwa alipoiona kwangu aliizunguka kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Akauliza umeme ukikatika katikati itakuwaje. Swali zuri. Jibu ni kwamba kifuniko kimefungwa, joto limo ndani, na maharage yanaendelea kujipika kwa muda. Kwa maana hiyo presha kuka ni jiko kapu lenye waya.

Mwingine ataniuliza: gesi ya mtungi si inatokana na mafuta ya ardhini, na inaletwa kwa meli? Ni kweli. Sijasema gesi haina doa. Ila tanuri la mkaa linapoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mti kabla hata mkaa haujakufikia, na jiko nalo linapoteza tena, wakati gesi inawaka pale unapotaka na kuzimwa pale unapotaka. Umeme wetu kwa sasa unatoka zaidi kwenye maji na gesi asilia. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na turubaini zake za kwanza zilianza kuzalisha mwaka 2024. Kwa anayepika pwani leo, mpangilio wangu ni huu: umeme kwa vigumu, gesi kwa vyepesi, mkaa kwa sikukuu.

Na asiye na uwezo wa vyote viwili? Jiko banifu, lenye bitana ya udongo ndani ya bati, linaokoa mkaa kwa kiasi kikubwa kuliko lile la bati tupu. Si mwisho wa safari, lakini nalipenda kuliko hotuba.

Nyumba inayojipika

Tutoke jikoni. Saa nane mchana, mwezi Februari, ingia kwenye nyumba mpya ya mtaani. Tofali za saruji za inchi sita, bati, dari ya jipsamu yenye mapambo, dirisha la aluminiamu la kusukuma. Nzuri machoni, na ndani unaiva. Mwenye nyumba atakwambia suluhisho ni AC. Mimi nitakwambia nyumba ilikosewa kwenye ramani.

Wazee wa pwani walikuwa na jua hilihili. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene karibu nusu mita, zinazochelewa kupata moto. Vichochoro vyake ni vyembamba, kwa hiyo nyumba hii inaitilia nyumba ile kivuli. Lamu jiko mara nyingi liliwekwa ghorofa ya juu kabisa, chini ya makuti, ili joto na moshi vipande zake bila kupita vyumbani. Hata nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo na Ilala, yenye korido katikati, baraza mbele na ua nyuma, ilikuwa na akili: fungua mlango wa mbele na wa uani, upepo unapita kama mgeni mwenye haraka.

Sasa tumeleta mtindo wa paa la kuficha, lile linalozungushiwa ukuta juu hadi nyumba ionekane kama sanduku. Nalisema bila kumung'unya: kwa pwani yetu ni mtindo mbaya. Umeondoa upenu, yaani sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Upenu ndio mwavuli wa nyumba. Bila huo jua linapiga ukuta wa magharibi alasiri nzima, na mvua ya masika inapiga kuta, na maji yanatuama juu huko nyuma ya urembo mpaka yapate tundu la kuingilia. Mafundi wanaoziba mapaa hayo hawakosi kazi.

Kama bado hujajenga, kabla fundi hajashika kamba ya msingi, mwambie mambo haya:

- Pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini. Kwetu jua linapita juu ya kichwa na kuumiza kuta za mashariki na magharibi. Ziwe fupi, na madirisha yake yawe machache.
- Upepo wa kaskazi unatoka kaskazini-mashariki, wa kusi unatoka kusini-mashariki. Kila chumba kipate matundu pande mbili, upepo uwe na pa kuingilia na pa kutokea.
- Upenu usipungue hatua moja ya mtu mzima.
- Acha tofali zenye matundu kwenye kenchi, pande zote mbili, ili hewa moto iliyo kati ya bati na dari itoke.

Na uliyekwisha kujenga? Usibomoe. Anza na bati. Bati jeupe, au lililopakwa rangi nyeupe, linarudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka; bati jekundu lililokolea au jeusi linalimeza na kukugawia ndani. Wenye mapaa meusi wananichukia kwa sentensi hii. Dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, kwa hiyo ukibadilisha hata mawili ya chumba cha kulala kuwa ya kufunguka yote umeongeza upepo bila kuongeza shimo ukutani. Funga pangaboi. Pangaboi linakula wati 70 hivi, AC ndogo ya chumba karibu 900. Kwa usiku wa saa nane la kwanza linamaliza kama nusu uniti, na ya pili inaweza kufika uniti 5 hadi 7.

Panda mti upande wa magharibi. Mwarobaini, mwembe, mkungu, chochote chenye mwavuli. Sizungumzii mashoki, ile miti myembamba iliyosimama getini kama askari wa gwaride. Kivuli chake kinamtosha kuku mmoja. Na kabla ya kutandaza pevingi uwanja mzima, kumbuka kuwa uwanja wa saruji unarudisha joto ukutani mchana, na mvua ikinyesha unalikabidhi tatizo kwa nyumba ya bondeni.

*Kwa ufupi kabla hatujashuka:* mkaa unaondoka kwa kushinda vyakula vigumu. Joto linaondoka kwa kivuli na upepo kabla ya mashine.

Maji yaliyokuwa juu ya paa lako

Oktoba na Novemba 2022 Dar es Salaam ilikaukiwa. Mto Ruvu, unaolisha sehemu kubwa ya jiji, ulipungua, na mgao ukaanza. Watu walinunua maji ya maboza, na wenye visima vya pwani walivuta hadi maji yakawa na chumvi. Miezi michache baadaye masika ilimwaga juu ya mapaa yaleyale, ikapita kwenye mitaro, ikaenda baharini.

Hesabu yake ni rahisi kuliko zote za kitabu hiki. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 30 ya jioni moja, ni lita 3,000. Hata zikipotea mia kadhaa njiani, simtanki ya lita 2,000 imejaa na inamwagika, kwa jioni moja. Maji hayo si lazima uyanywe. Choo kinachotumia lita 6 hadi 10 kila ukivuta hakijali maji yametoka Ruvu au kwenye bati. Kufua, kudeki na kumwagilia vilevile.

Kinachoharibu kazi hii ni gata zilizofungwa bila mwinamo na tanki lisilofunikwa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege; weka bomba la pembeni la kuitupa. Kisha funika tanki na uweke wavu kwenye mdomo wake. Mbu wanaoeneza homa ya dengi, iliyolisumbua jiji mwaka 2014 na 2019, huzaliana kwenye maji safi yaliyotulia majumbani kwetu. Nyumba za zamani za Lamu zilikuwa na birika la maji bafuni, na ndani yake samaki wadogo waliowekwa wale viluwiluwi vya mbu. Kwa simtanki, wavu unatosha.

Ndoo mbili

Takataka nitazipitia haraka. Zaidi ya nusu ya uchafu wa nyumba zetu ni maganda, mabaki na majani. Ukiwa na ndoo moja kila kitu kinakuwa taka. Ukiwa na mbili, ile ya maganda inaenda kwa kuku au shimoni kutengeneza mboji, yaani mbolea ya mabaki yaliyooza, na ile nyingine haitoi harufu wala kuita nzi, kwa hiyo inaweza kusubiri gari la taka siku mbili zaidi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania bara tangu Juni 1, 2019, lakini vifungashio bado vipo, na jioni bado tunavichoma uani. Moshi ule una sumu. Unaingia kwenye dirisha lilelile tulilolipanua kwenye sehemu ya nyumba inayojipika.

Sasa ile sola

Fundi wa sola anayejua kazi atakuuliza jambo la kwanza: una vifaa gani, na vinawaka saa ngapi kwa siku? Orodha hiyo ndiyo bei yako. Nyumba yenye AC mbili, hita ya kuogea na friji la mtumba lililochoka, linalonguruma bila kupumzika kwa sababu mpira wa mlango haushiki, itaandikiwa paneli na betri za bei ya kiwanja. Nyumba yenye upenu, pangaboi tatu, taa za LED na friji jipya la ukubwa wa kadiri itaandikiwa mtambo mdogo, na mwenye nyumba ataweza kuulipia.

Mpira wa friji ujaribu kwa noti: ifungie mlangoni, uivute. Ikitoka kirahisi, mpira umekwisha, na huo ni ukarabati wa kwanza kabla ya paneli yoyote.

Bi Mkubwa hana sola. Ana presha kuka aliyoinunua kwa fedha za kikoba, na simtanki iliyowekwa juu ya matofali manne. Jiko lake la mkaa bado lipo uani, limefunikwa kwa sinia. Mara ya mwisho nililiona likiwaka Jumamosi jioni. Alikuwa anachoma vibua, na alinipungia upepeo kabla sijafungua mdomo.

"Leo usinihutubie, mwanangu. Vuta kigoda."